Rangi ya Sumu Chini ya Mashua: Lini Yafaa, na Jinsi ya Kuipaka



Wengi wenu mliopewa mashamba karibu na bahari, kama vile Mtondia, Ngerenya na Tezo-Roka, hamtegemei korosho na minazi peke yake. Mna mashua ndogo za kuvulia, na wengine mmezinunulia trela ili zikae nyumbani wakati kusi inapochafua bahari. Huo ni mpango wa busara. Lakini mashua inayokaa miezi kadhaa majini na miezi kadhaa nchi kavu ina shida yake, na shida hiyo ndiyo nitakayoieleza.

Mzee mmoja alikuja ofisini kwetu akiwa na hasira. Aliuza korosho, akanunua kopo la rangi ya sumu, akaipaka mashua yake mwezi wa Tano, kisha akaiacha juu ya trela mpaka kaskazi ilipoanza. Alipoishusha, haikupita miezi miwili chini yote ikawa imeota mwani na magamba. "Nimeuziwa maji yaliyotiwa rangi," alisema. Kumbe rangi yake ilikuwa nzuri, ila haikuwa ya mashua ya trela.

Ni nini kinachoota?

Kitu chochote kikikaa katika maji ya bahari, kwanza hushika utelezi. Baada ya utelezi huja mwani, kisha vile viumbe vidogo vyenye gamba gumu ambavyo hukata nyayo zetu kwenye miamba. Mashua iliyoota hivyo huwa nzito, nayo injini hunywa petroli nyingi kwa safari ile ile. Mashua ya mbao ina adui mwingine mbaya zaidi: mdudu mwenye umbo la mnyoo, ingawa yeye ni wa jamii ya chaza. Huingia angali mchanga kwa tundu dogo sana, kisha hukua ndani ya ubao akiula. Kwa nje ubao waonekana mzima, kumbe ndani umekuwa kama sega la nyuki.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili. Walipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, na waliirudia mara kwa mara. Rangi za siku hizi hutumia shaba. Mkulima aliyewahi kunyunyizia mrututu na chokaa ili kuzuia ugonjwa wa viazi ataelewa upesi, maana mrututu nao una shaba. Shaba ikitoka kidogo kidogo katika rangi, viumbe vichanga havipendi kukaa hapo.

Je, wewe wahitaji rangi hii?

Ukivua usiku na kurudisha mashua juu ya trela asubuhi, usinunue. Ioshe kwa maji baridi na kuisugua kwa brashi, yatosha. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria na Naivasha nao hawana magamba ya bahari wala mdudu yule wa mbao, kwa hiyo hawana haja ya gharama hii. Rangi ni ya mashua inayokaa baharini wiki nyingi mfululizo.

Ukiona yakupasa kununua, ujue kwamba ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza ni rangi ngumu. Sumu yake hutoka, na ganda lake hubaki. Rangi nyingi za aina hii zikitolewa majini na kukauka muda mrefu, uso wake hugeuka na sumu haitoki tena vizuri. Aina ya pili hulika taratibu kama kipande cha sabuni, na kila siku sumu mpya hufunuliwa. Nyingi za aina hii hustahimili kukauka, na ndizo zifaazo mashua ya trela. Hata hivyo, soma maandishi ya kopo kabla ya kulipa. Yatakuambia ni muda gani waweza kupita kati ya kupaka na kushusha. Yule mzee aliacha miezi sita. Kama angalipaka siku chache kabla ya kaskazi, fedha zake zisingalipotea.

Tahadhari juu ya chuma

Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilifunika chini ya meli iitwayo Alarm kwa mabamba ya shaba. Ilipokaguliwa miaka miwili baadaye, mdudu hakuwa ameila mbao, lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeharibika vibaya. Pale ambapo karatasi ilibaki katikati ya chuma na shaba, msumari ulikuwa mzima. Somo hilo ni letu pia. Vichwa vya misumari ya chuma vifunikwe kwanza kwa rangi ya msingi. Mashua ya aluminiamu isipakwe kabisa rangi yenye shaba, maana itatoboka. Kile kipande cha zinki kilichofungwa kwenye injini kisipakwe rangi yoyote. Kazi yake ni kuliwa badala ya injini.

Hesabu ya rangi

Jumlisha upana wa mashua na kina kilichomo majini, kisha zidisha kwa urefu wa sehemu inayogusa maji. Kwa mfano, mashua ya urefu wa mita 5, upana mita 1.8 na kina mita 0.3: 1.8 na 0.3 ni 2.1, mara 5 ni mita za mraba 10.5. Kama kopo lasema lita moja hutosha mita za mraba 10, basi mipako miwili yataka lita 2.1. Nunua lita mbili na nusu. Ziada ina kazi yake, kama utakavyoona.

Kazi yenyewe

1. Siku ile ile mashua inapotoka majini, ikwangue kabla magamba hayajakauka. Ioshe kwa maji baridi. Osha na trela, na utie grisi kwenye beringi, kwa kuwa chumvi huziharibu upesi.

2. Ziba magurudumu kwa mawe. Usilale kamwe chini ya mashua iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka magogo imara.

3. Tandika turubai. Piga msasa wa maji, usipige msasa mkavu, maana vumbi la rangi ya zamani ni sumu. Funika pua na mdomo, uvae glavu.

4. Acha mashua ikauke. Mbao tupu zipake rangi ya msingi.

5. Koroga rangi mpaka chini ya kopo. Shaba ni nzito, nayo huzama. Asiyekoroga hupaka maji ya juu na kuacha dawa chini.

6. Paka asubuhi baada ya umande kukauka, jua lisijawa kali. Usiizimue rangi ili itoshe, kwa kuwa unene wake ndio umri wake. Paka mara mbili. Ile ziada iongeze kwenye mkuku, usukani, mstari wa maji na mahali mashua inaposuguana na trela.

7. Sogeza mashua kidogo ili upake palipofichwa na trela. Wengi husahau hapo, na mdudu hasahau.

Sumu ni sumu

Fanya kazi mbali na kisima na mahali mifugo inaponywea. Kondoo hudhurika kwa shaba upesi kuliko ng'ombe na mbuzi. Takataka za msasa zikusanye katika turubai. Usizimwage shambani wala mkokoni, wala usizichome. Uliza ofisi ya mazingira ya kaunti mahali pa kuzipeleka. Kopo tupu litobolewe, lisije likatekea maji au maziwa.

Ukiuziwa rangi ya zamani yenye sumu ya bati, ikatae. Rangi hiyo iliharibu chaza wa ghuba ya Arcachon, hata Ufaransa ikaikataza kwa mashua ndogo mwaka 1982. Mkataba wa mataifa wa 2001, ulioanza kutumika 2008, uliikataza kwenye meli pia. Chaza na kaa wa hori ya Kilifi ni chakula na fedha ya jirani yako.

Mwisho, andika tarehe ya kupaka kwa penseli ndani ya mashua, karibu na usukani, pamoja na jina la rangi. Mwaka ujao utakapokwenda dukani, hutabahatisha.