Askofu, wapangaji na bibi mwenye shamba

Augustino wa Hippo huchorwa akiwa ameketi: meza, kalamu, kitabu wazi, macho yameinuliwa juu. Picha hiyo haidanganyi, kwa kuwa mtu aliyeandika *Maungamo*, *Juu ya Utatu* na *Mji wa Mungu* aliketi sana. Ila inamficha askofu aliyehangaika na mashamba ya watu wengine kwa zaidi ya miaka 30, na huyo ndiye ambaye msomaji wa Kericho na Bomet ana ufunguo wa kumwelewa. Anayejua laini za wafanyakazi katikati ya majani chai, anayejua nyapara ni nani na mizani ina uzito gani katika maisha ya mchumaji, hahitaji kuelezwa shamba kubwa lenye mwenyewe aishiye mbali.

Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, leo Souk Ahras nchini Algeria. Alibatizwa Milano mwaka 387, akafanywa padri wa Hippo mwaka 391, na miaka michache baadaye askofu. Mji mdogo wa Fussala ulikuwa ndani ya jimbo lake, maili 40 za Kirumi kutoka Hippo. Ni kama kutoka Kericho, upite Litein na Kapkatet, ushuke Sotik na kuendelea kidogo. Watu wa huko walisema Kipuniki. Augustino alihubiri kwa Kilatini, na Kipuniki chake hakikutosha mimbarini. Kwetu, Mkipsigis, Mjaluo na Mkisii wa laini moja hukutana kwenye Kiswahili. Hippo na Fussala hazikuwa na lugha ya kukutania. Akatafuta askofu ajuaye lugha ya wenyeji. Aliyeteuliwa akakataa dakika za mwisho, huku askofu mzee aliyekuja kumweka wakfu akiwa amekwisha kufika kutoka mbali. Kuliko kumrudisha mzee bure, Augustino akamtoa Antonino, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyelelewa katika monasteri yake. Alijua Kipuniki. Hakujua mengine.

Antonino akawanyang'anya watu fedha, nguo, ng'ombe, mavuno, mbao, hata mawe ya kujengea. Maaskofu wakamwondolea Fussala bila kumvua uaskofu, kisha likaja wazo la kumpeleka Thogonoetum, shamba la bibi mmoja tajiri. Wapangaji wa shamba hilo wakamwandikia bibi yao kwamba akiruhusu jambo hilo, watahama. Habari hii imo katika barua ya Augustino iliyolala maktabani mpaka Johannes Divjak alipoigundua pamoja na nyingine na kuzichapisha mwaka 1981. Wakulima wasio na cheo waliisimamisha mipango ya maaskofu, na mwanateolojia mkuu wa Magharibi ndiye aliyetuandikia jinsi walivyofanya.

Yupo atakayesema ninalazimisha ufanano. Mpangaji wa Kirumi hakuwa mchumaji wa mshahara. Alitoa sehemu ya mavuno, na sheria ya mwaka 332 ilikwisha kuruhusu wapangaji waliotoroka warudishwe kwa nguvu. Ni kweli, na ndiyo maana tishio la kuhama lilikuwa zito zaidi, si jepesi. Sisemi kwamba Thogonoetum ni Kericho. Nasema tu kwamba mtu wa shambani ataona haraka kwa nini wapangaji walimwandikia mwenye shamba: anayeishi kwenye ardhi ya mwingine huujua mlango unaofunguka.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Fussala ilikuwa ya Wadonato, Wakristo waliojitenga na Kanisa Katoliki, na mapadri wa kwanza waliopelekwa huko walipigwa, wakapofushwa, wengine wakauawa. Watu waliunganishwa na Kanisa chini ya sheria za dola, na Augustino mwenyewe alitetea matumizi ya nguvu hizo. Basi tusimpambe kuwa mtetezi wa wanyonge. Tatizo la Antonino lilizaliwa na ushindi aliousaidia yeye mwenyewe: watu waliingizwa kanisani kwa amri, kisha wakapewa mchungaji aliyewanyoa.

Antonino alikata rufaa Roma. Karibu mwaka 423, Augustino, sasa mzee wa miaka karibu 70, ambaye *Mji wa Mungu* bado alikuwa hajaumaliza, alimwandikia Papa Selestini akimsihi asimrudishe kijana kwa nguvu za askari, na kwamba likitokea hilo, yeye mwenyewe anafikiria kuuacha uaskofu. Kosa, aliandika, lilikuwa lake mwenyewe.