Mlevi Amtafuta Mlevi Mwenzake

Twaulizwa mara nyingi: mtu akitaka kuacha pombe, kwa nini awatafute wenzake?

Mwezi wa Mei 1935, Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe miezi mitano tu, alikuwa peke yake hotelini katika mji wa Akron, Marekani. Biashara yake imeharibika, na chumba cha pombe ki karibu. Hakuingia. Alishika simu akawapigia wachungaji, akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyokutana na daktari Robert Smith, naye alikuwa mlevi. Kwa hao wawili vilianza vikundi viitwavyo Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina.

Humo hakuna ada. Sharti ni moja: kutaka kuacha pombe. Mgeni aweza kunyamaza na kusikiliza tu. Mikutano mingine ni ya wazi, hata mke huweza kuja; mingine ni ya wenye shida hiyo peke yao. Lakini aliyekunywa sana kila siku asiache ghafula bila daktari, maana aweza kushikwa na kifafa, hata kufa.

Tuulize hospitalini au kwa padri kikundi kiko wapi. Pasipo kikundi, walevi wawili wakikutana ili waache pombe, hao tayari ni kikundi.