Miraa Inayochipuka Yenyewe Kwenye Skrini

Mkulima wa miraa kule Igembe, Meru, au wa muguka kule Mbeere, Embu, anajua kwamba akichuma vichipukizi leo, mti ule ule utatoa vingine baadaye. Vijana wanaounda michezo ya mashamba katika ulimwengu wa mtandaoni hutaka vivyo hivyo: mchezaji achume kibunda, kitoweke, kisha kingine kitokee bila mtu kukiweka. Hufanywaje?

Tuchukue Second Life, iliyozinduliwa na kampuni ya Linden Lab ya Marekani mwaka 2003. Humo kitu huweza kuwekewa alama kuwa ni cha muda, na seva hukifuta baada ya takriban dakika moja. Ili kirudi, unahitaji kitu cha pili. Tuseme ni mti. Ndani yake unahifadhi kibunda pamoja na skripti. Amri ya llSetTimerEvent(60.0) huiamsha skripti kila sekunde 60, na llRezObject hutoa kibunda kipya, mradi kisiwekwe zaidi ya mita 10 kutoka kwenye mti. Hakikisha kibunda kina ruhusa ya kunakiliwa. Bila ruhusa hiyo kitatoka ghalani, seva itakifuta, na hutakiona tena.

Mbinu hii ilipendwa kwa sababu moja. Kila kiwanja kina kikomo cha vitu, na vya muda havihesabiwi kama vile vya kudumu. Basi wengine wakajaza nyumba zao samani za dakika moja moja. Lakini kila kuzaliwa upya ni kazi kwa seva, na seva ni ya majirani wote. Mmoja akizidisha, wengine hutembea kama waliokwama matopeni.

Iko njia nyepesi: usifute kitu. Kibunda kikiguswa, skripti ikifiche kwa llSetAlpha, ihesabu muda, kisha ikionyeshe tena. Kumbuka kitu kilichofichwa bado hugusika, kwa hiyo skripti isitoe zawadi mpaka kionekane. Ni kweli, kibunda hicho kitahesabiwa kwenye kikomo chako. Hiyo ni haki: anayetumia nafasi ailipie mwenyewe, asimbebeshe jirani. Na muda wa kuchipuka uwe mrefu kidogo; hata Meru, mti unaochumwa bila kupumzishwa huchoka.