Kusali na Kuomba

Katekista akiuliza darasani, «Kusali ni nini?», watoto wengi wanajibu mbio: «Ni kuomba Mungu.» Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Basi tupime maneno hayo mawili.

Kuomba ni neno la Kibantu. Waluba wanasema kulomba, na Wabemba wa Zambia vilevile. Kiswahili kimeacha herufi l tu. Maana yake ni kutaka upewe kitu na mwingine: mtoto anaomba mama chumvi.

Kusali limetoka mbali. Tangu miaka ya 1860 wafanyabiashara wa pwani walifika Maniema. Nyangwe na Kasongo zilikuwa miji yao mpaka 1893. Walileta Kiswahili chao, na ndani yake neno kusali, la Kiarabu salla. Leo Waislamu na Wakristu wa Kasongo wanalitumia pamoja. Mkristu asiseme kwamba ni neno la kuazima kwa wageni wa imani. Wataalamu wa lugha wanaona kwamba Waarabu wenyewe walipata neno sala kwa watu wa Kiaramu, lugha aliyosema Bwana Yezu. Mpaka leo Wakristu wa Siria wanaita sala slota. Na mzizi wake wa Kiaramu una maana ya kuinama.

Basi kusali ni kuinama mbele ya Mungu: kumwabudu, kumshukuru, kutubu, na kuomba pia. Kuomba ni tawi, kusali ni mti.

Katika matumizi tuangalie mambo matatu:

1. Ukisema «Baba anasali», maneno yametimia. Ukisema «Baba anaomba», watu watauliza: anaomba nini?

2. Juu ya mgonjwa tuseme tunamwombea. Tusiseme tunamsalia, kwani kusalia ni pia kubaki: wamesalia watu wawili.

3. Msalaba haukuzaliwa na neno sala, ijapo yanafanana kwa sauti. Umetoka katika neno lingine la Kiarabu, salib.

Je, hayo ni mambo ya kamusi tu? Hapana. Mama amefanya novena juu ya mtoto wake mgonjwa, na mtoto amekufa. Kama tulimfundisha kuomba tu, atasema: «Nimenyimwa, basi naacha.» Nani atamlaumu? Lakini Bwana Yezu, katika shamba la Getsemani, aliomba kikombe kimwepuke. Hakikumwepuka, naye hakuacha kusali: aliinama chini ya mapenzi ya Baba, na msalabani alisali tena. Mama huyo akijua hayo, anaweza kuleta hata machozi yake mbele ya Mungu, na machozi hayo ni sala.

Kwa hiyo, ndugu makatekista, mtoto akijibu, «Kusali ni kuomba», msimkemee. Mwambieni: «Vema, na nini tena?» Halafu mngojeeni mpaka apate neno asante.