Kuhesabu Muda baina ya Tarehe Mbili: Kompyuta na Miswada ya Kiswahili

Utenzi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani hutajwa vitabuni kuwa ni wa mwaka 1728. Hata hivyo, mwaka unaotajwa katika mswada ni 1141 wa Hijria, ambao kwa hesabu ulianza tarehe 7 Agosti 1728. Katika siku zake 354, ni 147 tu zilizoangukia 1728. 207 zilizosalia zilikuwa za 1729. Anayeitegemea namba ya mwaka peke yake, basi, hana sababu ya kuupendelea 1728.

Tatizo ni kwamba miaka si vipimo vyenye urefu mmoja, na kutoa mwaka wa Hijria katika mwaka wa Miladi ni sawa na kutoa pishi katika ratili. Programu ya kompyuta hulikwepa tatizo hili kwa kuigeuza kila tarehe kuwa idadi ya siku tangu mwanzo mmoja, kisha ndipo ikatoa. Wanafalaki hutumia hesabu ya siku iliyojengwa juu ya kipindi cha miaka kilichobuniwa na Joseph Scaliger mwaka 1583. Kwa hesabu hiyo, siku ya kwanza ya Hijria ni namba 1,948,440. Kalenda ya Hijria ya kimahesabu ina mzunguko wa miaka 30, yaani siku 10,631, na miaka 1140 iliyotimia kabla ya 1141 ni mizunguko 38 kamili, yaani siku 403,978. Tukijumlisha, tunapata 2,352,418.

Sasa tuchukue tarehe 7 Julai 2022, Siku ya Kiswahili Duniani ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza. Namba yake ni 2,459,768. Tofauti ni siku 107,350. Kwa Miladi ni miaka 293 na miezi 11. Kwa Hijria ni miaka 302 na miezi 11. Majibu yote mawili ni sahihi, na mtafiti asiyetaja kalenda aliyoitumia amepoteza miaka tisa.

Kompyuta haiyatatui yote. Mwezi wa waandishi wetu ulifuata mwandamo, si jedwali, hivyo siku moja au mbili hubaki na shaka. Tena, siku yao ilianza magharibi: usiku wa Ijumaa ni ule ambao programu, inayoanza siku saa sita ya usiku, huuhesabu kuwa bado ni Alhamisi. (Hapa lugha yenyewe ni ushahidi bora kuliko jedwali lolote.) Kwa vyanzo vya Wareno kabla ya Oktoba 1582, tahadhari ni nyingine. Vasco da Gama alifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498 kwa kalenda ya Julius. Programu nyingi hurudisha kalenda ya Gregori nyuma bila kikomo, na kwazo siku hiyo ni 16 Aprili.