Sahani ya Jirani: Desemba katika Mitaa ya Eastlands



Kila ukaribiapo mwisho wa mwaka, wazazi wa Mombasa, Malindi na Lamu ambao watoto wao wamehamia Nairobi kwa kazi au kwa ndoa huniletea swali moja lililovaa nguo mbalimbali. Binti yuko Umoja, au Buruburu, au Kaloleni. Mlango wa kulia ni Mkatoliki, wa kushoto ni Msabato, ng'ambo ya uchochoro wanaishi Walokole. Tarehe 25 Desemba mtoto wa jirani anabisha hodi na sahani iliyofunikwa kitambaa. Apokee? Ale? Na akipokea, aseme neno gani pale mlangoni?

Swali si dogo, maana sahani iliyorudishwa haisahauliki upesi. Huyo aliyeileta ndiye atakayemkimbiza binti yako hospitali ya Pumwani usiku uchungu ukimshika na mume yuko safarini.

Kwanza tuwekane sawa juu ya jambo lenyewe. Picha za sikukuu hii hutoka katika nchi za baridi, zenye theluji na mbweha wa manyoya meupe. Nairobi Desemba ni jua na vumbi baada ya mvua za vuli. Baridi yake ni ya Julai. Yule anayepamba dirisha la duka kwa pamba ili ifanane na theluji anauza bidhaa, wala hahubiri dini, na mtoto wetu akisimama kuitazama hajatoka katika Uislamu.

Ujirani huu wa dini nyingi haukuanza jana. Kabla ya mitaa ya leo palikuwa na kijiji cha Pangani, jina walilolichukua wenyewe kutoka pwani, na wenyeji wake wengi walikuwa Waislamu. Serikali ya kikoloni ilianzisha Pumwani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, watu wakajenga Majengo kwa mtindo wa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ikabomolewa na wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Dada zangu, zingatieni hili: sehemu kubwa ya wenye nyumba katika vijiji hivyo walikuwa wanawake, na wengi wao Waislamu. Wapangaji wao walikuwa vibarua wa kila kabila na kila dini. Basi Mkristo wa bara alijifunza kula pilau na kubisha hodi kwa adabu katika nyumba ya bibi wa Kiislamu, na leo hapo hapo Pumwani Msikiti wa Riyadha na kanisa la Mtakatifu Yohana ni majirani wa miaka mingi.

Katika wiki ya Krismasi mitaa hii hupungua watu. Wengi hufunga safari kwenda makwao magharibi mwa Kenya, Ukambani na Mlima Kenya. Nauli za mabasi hupanda, na steji ya Machakos hujaa magodoro na kuku. Kabla ya kuondoka, jirani hutazama ni nani anayebaki. Anayebaki aghalabu ni Mwislamu. Basi funguo hukabidhiwa yeye, pamoja na maagizo: mwagilia sukuma wiki, kinga maji mfereji ukitoka, mwenye nyumba akija mwambie narudi tarehe 3. Sijui kama wazazi wa pwani wanatambua uzito wa heshima hii. Makuraishi waliompinga Mtume (S.A.W.) hawakuacha kumwekea amana zao, na alipohama Makka mwaka 622 alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili azirudishe kwa wenyewe. Walimkataa ujumbe wake na bado walimwamini kwa mali zao. Mama wa Kiislamu mwenye funguo nne za majirani zake kwenye mshipi wa kanga yumo katika sunna hiyo.

Turudi kwenye sahani. Chapati, maharagwe, wali, chai ya maziwa: hivi havina tatizo, ila uulizwe mafuta yaliyotumika. Pombe na nguruwe mnajua hukumu yake, na majirani wa Eastlands wanaijua pia, hata husema wenyewe kabla hujauliza. Ugumu uko kwenye nyama. Aya ya tano ya Surat al-Maida imehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, lakini wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi waliweka masharti mazito juu ya nani ahesabiwe katika watu hao, na ndiyo sababu wazee wetu walisisitiza mchinjaji awe Mwislamu. Watu wa Majengo walikwisha kulitatua hili zamani bila makelele. Jirani mwenye mbuzi wa sikukuu humwita Mwislamu wa plot asubuhi aje amchinjie, ili nyumba zote zile. Kwa hiyo binti asingoje sahani ifike ndipo aanze kuhoji kisu. Aseme wiki moja kabla, kwa uso mkunjufu: mume wangu atawachinjia. Aliyechelewa kusema na apokee, ashukuru, na ale kile asichokuwa na shaka nacho.

Ama neno la mlangoni, hapa ipo ikhtilafu, wala haifai kuificha. Ibn al-Qayyim, mwanazuoni wa karne ya 14, alikataza kwa ukali kuwapongeza wasio Waislamu kwa ibada zao. Katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi na wengine wakaruhusu maamkizi kwa jirani mwenye kuishi nasi kwa amani, wakitegemea aya ya nane ya Surat al-Mumtahana inayoruhusu wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita. Mimi naegemea rai ya hawa wa pili, kwa mpaka ulio wazi. Anayesema "sikukuu njema, Mungu awape afya" hajashuhudia itikadi yoyote. Kwenda kwenye kesha la kanisani na kuimba pamoja nao ni jambo jingine, na hilo silipati uso. Jirani mwenye akili naye hatarajii. Hata miongoni mwao wenyewe, Mashahidi wa Yehova hawaisherehekei Krismasi, na hakuna anayewagombeza.

Abdullah bin Amr (R.A.), alipochinjiwa kondoo nyumbani, aliuliza mara kwa mara kama jirani yao Myahudi amekwisha pelekewa fungu lake. Nimewaona wanaolalamika juu ya sahani za Desemba, na siku ya Idd milango yao imefungwa na harufu ya biriani inatokea dirishani. Huo si uadilifu. Kama nyama ya Udhhiya ilifika kwa jirani, maneno ya Desemba huwa mepesi.

Watoto ndio wanaoniumiza kichwa zaidi. Asubuhi ya tarehe 25 ua mzima umevaa nguo mpya, na mwanao ana fulana ya jana. Usimkemee akilia. Mkumbushe nguo zake za Idd, mtoe mkatembee, mpikie anachokipenda. Lakini kubwa zaidi ni lile swali atakaloulizwa na wenzake: "Kwani nyinyi hamumpendi Yesu?" Mtoto asiye na jibu hapo atajiona mgeni katika plot aliyozaliwa. Mfundishe kisa cha Maryam na mtende, na mtoto aliyesema akiwa mchanga. Mwambie pia kwamba Waislamu wa mwanzo walipoteswa walikimbilia Habasha kwa mfalme Mkristo, kwamba Jaafar alimsomea Najashi aya za Surat Maryam naye akalia, na kwamba aliyetuhifadhia simulizi hiyo ni mwanamke aliyekuwapo, Ummu Salama (R.A.). Anayeishi karibu na Eastleigh hana haja ya kwenda mbali: Mahabeshi wamo mtaani, nao Krismasi yao ni tarehe 7 Januari, baada ya mfungo wa wiki sita hivi bila nyama wala maziwa. Mtoto wetu anayefunga Ramadhani atakuwa na mengi ya kuzungumza na mtoto wao.

Kalenda yetu hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Mwaka 1998, 1999 na 2000 Krismasi iliingia ndani ya Ramadhani, na mwaka 2000 Idil-Fitri ikafuata siku mbili tatu tu baadaye, hata plot moja ikapika sherehe mbili katika wiki moja. Kwa hesabu za falaki, Ramadhani itaanza karibu na tarehe 26 Desemba 2030, na mwaka 2031 tarehe 25 itatukuta katikati ya mfungo, tukijaaliwa uhai. Jirani atakayeleta sahani adhuhuri ya siku hiyo ataombwa aiache, ifunikwe vizuri, mpaka magharibi.