Kambi ya Likizo: Mtoto wa Mjini Hukua Anapokabidhiwa Jambo



Kila ifikapo likizo ya Juni, baadhi yetu mafrateri tunaorudi nyumbani Dar es Salaam huombwa na maparoko kusaidia kambi za watoto wa Utoto Mtakatifu. Ulaya na Marekani kambi kama hizi hufanyika wakati wa kiangazi. Kwetu huwa ni kipupwe: masika yamekwisha na shule zimefungwa. Wazazi hutuuliza, "Frateri, mwanangu atapata nini huko asichokipata kwenye mafundisho ya Jumamosi?" Swali hili ni la haki, maana mzazi anatoa mchango wake na kumruhusu mtoto alale nje ya nyumbani. Tunajaribu kulijibu kwa yale tuliyoyaona kwa watoto wa Ukonga.

Mtoto anayefungiwa ndani

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ukonga idadi hiyo inaonekana kwa macho: nyumba zimebanana, viwanja vya mpira vimejengwa, na kwenye Barabara ya Nyerere magari hayaishi. Mama anayeuza genge hutoka alfajiri kufuata mzigo sokoni. Kama hana ndugu wa kumwachia mtoto, humfungia ndani na televisheni hadi arudi. Hatumlaumu mama huyo, kwa sababu anamlinda mwanawe kwa njia pekee aliyo nayo. Lakini mtoto wa namna hii hufika miaka kumi akiwa hajawahi kutegemewa na mtu yeyote kwa jambo lolote.

Mmoja wao alikuja kambini kwetu. Siku ya kwanza alituuliza, "Frateri, hapa TV iko wapi?" Tulipomwambia haipo, alikaa kwenye ngazi za ukumbi mpaka wakati wa chakula.

Kosa letu

Mwaka ule tuliikosea kambi. Tulipanga vipindi tangu asubuhi hadi jioni: Biblia, sakramenti, maisha ya watakatifu, kisha mashindano ya maswali na majibu. Waliosoma shule nzuri walijibu, na waliokosa walichekwa. Yule mtoto wa ngazini hakunyoosha mkono hata mara moja. Siku ya pili jioni mama mmoja wa WAWATA, aliyekuwa akitupikia, alitujia akasema, "Wanangu mafrateri, mbona mnawafundisha kama mnawapeleka mtihani wa darasa la saba? Nipeni watoto wanisaidie jikoni."

Tuliona aibu, maana jambo hilo tulikuwa tumelisoma darasani. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kwa Nikomako, anaeleza kwamba fadhila hupatikana kwa kutenda: mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki mara kwa mara, kama vile fundi anavyojifunza ujenzi kwa kujenga. Sisi tulikuwa tunawaeleza watoto upendo bila kuwapa nafasi ya kupenda.

Siku ya tatu tulipunguza vipindi na kugawa kazi. Kundi moja lilichambua mchele, jingine lilipanga viti vya Misa, na jingine lilisimamia maji ya kunawa. Yule mtoto alipewa ndoo mbili na sabuni. Kabla ya chakula cha mchana watoto zaidi ya arobaini walipanga foleni mbele yake, na hakuna aliyekula kabla hajamwagiwa maji naye. Jioni alitufuata mwenyewe kutuambia kwamba sabuni inakwisha.

Kilicho kiini cha Utoto Mtakatifu

Hili si jambo jipya katika Kanisa. Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha shirika hili mwaka 1843, na mwaka 1922 Papa Pio XI akalipa hadhi ya kipapa. Askofu huyo hakuwaendea matajiri. Aliwaomba watoto wasali Salamu Maria kila siku na kutoa sarafu ndogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa nchi za mbali. Aliamini kwamba mtoto, hata akiwa mdogo, ana kitu cha kutoa. Ndiyo maana katika kambi zetu mtoto ambaye wazazi wake hawana mchango hapaswi kuachwa nyumbani. Wanautoto wenzake, jumuiya na parokia humchangia.

Siku ya nne tuliwapeleka Pugu, safari fupi kwa gari kupita Gongo la Mboto. Wengi hawakuwa wamewahi kuona msitu, ingawa upo jirani nao. Tuliwasimulia jinsi Wabenediktini walivyofungua misioni pale mwaka 1888, na jinsi ilivyoshambuliwa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, na baadhi ya wamisionari wakauawa. Watoto walisikiliza kimya, kisha wakauliza maswali ambayo hatukuwa tumeyaandaa. Safari hii hakuna aliyechekwa.

Kurudi Nazareti

Mwinjili Luka (2:41-52) anasimulia safari ya Yesu mwenye umri wa miaka kumi na miwili kwenda Yerusalemu. Yosefu na Maria walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara, kwa kuwa waliwaamini jamaa na majirani. Kambi humrudishia mtoto wa mjini msafara wa namna hiyo: watu wazima wengi wanaomjua kwa jina. Msafara huo lazima uwe salama. Kwa hiyo tunadai ruhusa ya mzazi kwa maandishi, wavulana na wasichana wanalala mbalimbali, na hakuna mlezi, awe frateri au mwingine, anayekaa peke yake faraghani na mtoto.

Lakini Luka anaongeza kwamba Yesu alirudi Nazareti, na huko ndiko alikokua. Wiki moja baada ya kambi tulimtembelea yule mtoto. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, na televisheni ilisikika ndani. Alituita dirishani akatuuliza kambi nyingine ni lini. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Tulilipeleka suala hilo kwenye jumuiya yao. Mama mmoja mstaafu alijitolea kufungua uwanja wake mchana wa siku za likizo, na mama wa mtoto akakubali. Sasa wanakusanyika pale watoto saba, wanacheza, wanasali, wanafagia uwanja. Maji ya kunawa anasimamia yeye.

Ndugu msomaji, siku tano za kambi ni chache. Kabla ya likizo ya Desemba, tuulizane katika jumuiya zetu: ni watoto gani wamefungiwa ndani, na nani kati yetu ana uwanja?